Konokono Kwenye Ndoo ya Mchicha: Tafuta Njia Yake Kabla ya Dawa

Subiri mvua ikatike, saa tatu au saa nne usiku, kisha toka uani na tochi. Usianze na majani. Mulika ukuta ulio nyuma ya ndoo zako, mulika kingo za ndoo, chini ya karai lililofunikwa, kwenye kamba ya nguo iliyolegea mpaka ikagusa mpilipili. Hapo ndipo utakapowaona konokono, pembe zimenyooka, wako safarini. Anayelima ardhini hana nafasi hii, maana kwake adui hutokea popote. Wewe unayepanda kwenye ndoo, viroba, matairi na madumu yaliyokatwa una shamba lenye mipaka. Kila mdudu aliyeufikia mchicha wako amepita mahali: amepanda, ameruka, au ameletwa na udongo au na mche. Ukiijua njia yake, kumzuia ni kazi ndogo, na dawa utaihitaji mara chache sana.

Hapa Dar es Salaam ninapanda mboga kwenye ndoo za rangi za lita 20, katika ua tunaoutumia wapangaji wanne. Masika ya kwanza miche yangu yote ya mchicha na chainizi iliisha katika siku mbili. Jirani yangu, bibi aliyekulia Mkuranga, akaniambia, "Mjukuu wangu, wamwagie chumvi." Nikawamwagia. Konokono walikufa kweli, lakini mvua iliyofuata iliiyeyusha chumvi ikazama kwenye udongo wa ndoo, na mipilipili mitatu iliyokuwa imesalimika ikaungua kingo za majani, ikapukutisha maua, ikakauka. Shambani mvua nyingi huisukuma chumvi chini na pembeni. Kwenye ndoo hubanwa kwenye udongo mchache, palepale penye mizizi. Kwa hiyo naliweka jambo hili mbele kabla ya mengine yote: chumvi isiingie kwenye chombo chenye mmea, hata kijiko kimoja.

Mwenyeji wa pwani

Yule konokono mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye gamba refu lenye michirizi, hakuletwa na meli. Asili yake ni Afrika Mashariki, na wataalamu humwita Lissachatina fulica. Gamba lake linaweza kufika sentimita 20, ingawa wengi tunaowaona uani hawafiki nusu ya hapo. Kutoka huku watu wamemsambaza duniani. Mwaka 1847 William Benson, mkusanyaji wa makombe, alimtoa Mauritius akamwachia katika bustani mjini Calcutta, naye akaenea Asia na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, na konokono watatu kutoka Hawaii, na bibi yake akawaachia bustanini. Hao watatu waliigharimu serikali ya Florida miaka karibu kumi na dola karibu milioni moja. Mpaka kazi inakamilika mwaka 1975, konokono zaidi ya 18,000 walikuwa wameokotwa.

Hesabu hiyo inatuhusu na sisi wenye ndoo sita. Kila konokono ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike pamoja, hivyo wakikutana wawili, wote wanaweza kutaga. Hutaga mayai 100 na zaidi kwa mkupuo mmoja, pengine hata 400, na hurudia mara kadhaa kwa mwaka. Ukiokota wakubwa ukayaacha mayai, umeahirisha tu. Mayai yenyewe ni vipunje vya rangi ya maziwa au njano hafifu, vinene kuliko punje ya mtama, vimerundikana pamoja kwenye udongo wenye unyevu. Yatafute sentimita chache chini ya uso wa udongo, kandokando ya ndoo, na kwenye unyevu ulio chini ya kitako chake. Yaponde au yamwagie maji ya moto mbali na mimea. Kuyaanika juani hakutoshi kama jua lenyewe ni la mawingu.

Watu wengi huamini kwamba konokono huja na mvua. Ukweli ni kwamba walikuwepo muda wote. Kiangazi kikikaza, konokono hujificha, huziba mlango wa gamba lake kwa utando mgumu, na anaweza kukaa hivyo kwa miezi bila kula. Mvua ya kwanza ikigonga, wote huamka siku moja wakiwa na njaa, na hiyo ndiyo siku ambayo wengi wetu tumetoka kupanda. Kwa hiyo msako wenye faida kubwa ni ule wa kabla ya mvua: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Pindua matofali, matairi ya zamani, vipande vya bati, makopo yaliyosahaulika nyuma ya choo. Wakati huo wamelala, wamejikusanya, na hawajataga. Saa moja ya kazi hiyo inakuokolea usiku mwingi wa tochi.

Angalia pia ukuta wako kama umepakwa chokaa. Konokono anahitaji kalisi ya kujengea gamba, na huilamba chokaa kutoka ukutani. Ndoo iliyoegemezwa ukuta mweupe imewekwa kwenye njia yake ya kila siku.

Ondoa malazi, vunja madaraja

Mchana konokono na koa hawawezi kuvumilia jua. Koa ndiye mgumu zaidi kumpata, kwa kuwa hana gamba na anajipenyeza hata kwenye tundu la kutolea maji chini ya ndoo. Wote wawili wanahitaji mahali pa kulala penye giza na unyevu, karibu na chakula. Ndoo iliyokaa moja kwa moja sakafuni inawapa vyote viwili: kitako cha ndoo ni dari yao, na mchicha uko juu ya dari. Inua kila chombo juu ya matofali mawili au kipande cha mbao, hewa na mwanga vipite chini. Kisogeze mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja. Kata majani yanayoning'inia nje na kugusa sakafu au chombo cha jirani, kwa kuwa hayo ndiyo madaraja. Kiroba kilichojaa mikunjo kina malazi mengi kuliko ndoo yenye uso laini, kwa hiyo kunja mdomo wa kiroba kwa nje mkunjo mmoja tu, ukaukague kila baada ya siku mbili.

Badilisha saa ya kumwagilia. Najua wengi humwagilia jioni wakitoka kazini, na kwa mmea hakuna ubaya. Lakini konokono hutembea kwa ute, na ute unahitaji unyevu. Ukimwagilia jioni unamlainishia barabara saa ileile anayoamka. Mwagilia asubuhi na mapema, udongo wa juu uwe umekauka ifikapo Magharibi. Kwenye ua wetu hatua hii peke yake ilipunguza uharibifu kuliko kitu kingine chochote tulichojaribu.

Halafu weka mtego. Chukua ganda la papai lililoiva, lilaze upande wa nyama chini, pembeni ya ndoo na wala si ndani yake. Juu yake weka kipande cha gunia kilicholoa. Alfajiri, kabla jua halijatoka, funua. Utawakuta wamejikusanya, wadogo na wakubwa. Kwa koa, mtego wa hamira hufanya kazi vizuri zaidi: kijiko cha hamira, vijiko viwili vya sukari, kikombe cha maji ya vuguvugu, ndani ya kopo lililozamishwa kwenye udongo huku ukingo ukibaki juu kidogo ili wadudu wengine wasitumbukie. Harufu ya uchachu huwavuta, huingia, huzama. Mwaga na ubadilishe kila baada ya siku mbili.

Okota usiku kwa siku tatu mfululizo, si siku moja. Usiku wa kwanza unapata waliotoka, wa pili unapata waliokuwa wamelala, wa tatu unakuonyesha kama kazi imefanyika. Waliookotwa watumbukize kwenye maji yanayochemka, wanakufa papo hapo, kisha wafukie. Kuwarusha upande wa pili wa ukuta ni kumhamishia jirani shida, na isitoshe konokono hujua kurudi alikozoea kula.

Kuna mengine yanayosifiwa sana ambayo sitakushauri uyategemee. Mwaka 2018 chama kikubwa cha wakulima wa bustani cha Uingereza, RHS, kilijaribu vizuizi vya asili kwenye saladi zilizopandwa kwenye vyombo na kwenye matuta: maganda ya mayai yaliyopondwa, utepe wa shaba, kokoto kali, magome ya msonobari, vidonge vya sufu. Saladi zenye vizuizi ziliharibiwa sawa na zisizo navyo. Maganda ya mayai yaponde uyachanganye na mboji, yatasaidia udongo taratibu, ila usiyapange kama uzio ukalala ukiamini umelindwa. Majivu humkera konokono yakiwa makavu. Yakilowa yamekwisha, na ukiyarudia kila siku kwenye ndoo moja udongo unakuwa na magadi mengi, mboga inageuka njano.

Bata humla konokono kwa hamu, lakini hula na miche. Na si kila konokono ni adui. Katika ardhi yetu wako wadogo wanaowinda konokono wenzao. Mmoja wao amepewa jina la kitaalamu linalotokana na Kibwezi, Kenya, na katika miaka ya 1950 Wamarekani walimchukua wakampeleka Hawaii kupambana na huyu mkubwa. Ukimkuta konokono mwembamba ameshikilia gamba la mwenzake, mwache aendelee.

Mikono, watoto na kachumbari

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Konokono na koa wanaweza kubeba vimelea vya mnyoo anayeishi kwenye mapafu ya panya. Panya huvitoa kwenye kinyesi, konokono hula, na binadamu akimeza konokono mdogo au kipande chake kwenye mboga mbichi, vimelea hivyo vinaweza kufika kwenye utando wa ubongo na kumuumiza vibaya. Kwa hiyo mwokote kwa glavu, koleo au vijiti viwili, usimshike kwa mkono mtupu. Nawa kwa sabuni baada ya kazi. Watoto wasifanye konokono mchezo, nami nasema hivi nikijua jinsi watoto wanavyowapenda. Mboga ya kupika haina wasiwasi mkubwa, moto unaua. Ya kachumbari na saladi ioshe jani kwa jani chini ya maji yanayotiririka, pande zote mbili, huku ukiangalia. Konokono aliyetoka kwenye yai jana ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Chembechembe za dukani zinazoua konokono ziko za aina mbili kuu. Zenye metaldehaidi ni sumu kwa mbwa, paka na kuku, na zimetengenezwa ziwe na ladha, kwa hiyo mtoto anayetambaa naye yumo hatarini. Uingereza imepiga marufuku kuzitumia nje tangu mwaka 2022. Zenye fosfeti ya chuma ni salama zaidi, na kama ni lazima ununue, uliza hizo. Tanzania, dawa ya mimea inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ije kwenye kifungashio chake chenye maelezo. Dawa uliyomiminiwa kwenye chupa ya soda usiipeleke kwenye mboga ya watoto wako, hata aliyekuuzia akiapa. Wala usipulizie mboga dawa ya kopo ya mbu na mende.

Alama za wengine

Si kila tundu ni la konokono. Yeye huacha utepe mkavu unaong'aa kama fedha. Usipouona, angalia dalili nyingine. Vinyesi vidogo vyeusi juu ya jani ni vya kiwavi, naye yuko upande wa chini, mtoe kwa mkono. Mche uliokatwa shinani kama kwa mkasi ni kazi ya sota. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Mwaka wa pili nilizungushia kila mche pete ya kopo la karatasi, nikaikandamiza ndani ya udongo, na sota hakunipata tena.

Majani machanga ya kunde, bamia na sukuma wiki yakijikunja na kunata, hao ni vidukari. Jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, hivyo kundi hujaa katika wiki moja. Hapa watu wengi hupambana na vidukari na kuwasahau sisimizi. Sisimizi hukusanya maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa sababu hiyo huwalinda dhidi ya wanaowala. Ukiona msafara wa sisimizi unapanda ndoo, fuata msafara kabla hujapulizia chochote. Ndoo iliyo juu ya meza au kichanja, weka kila mguu ndani ya kopo la maji, msafara unakatika. Sisimizi wakikosekana, wale mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu au rangi ya chungwa wenye madoa meusi, hupata nafasi ya kula. Watoto wao wana sura ya mamba mdogo mweusi, na watu huwaua wakidhani ni waharibifu. Waache.

Lakini kopo la maji lina hatari yake. Dar es Salaam tumepata milipuko ya homa ya dengi, mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu anayeieneza huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama karibu na nyumba: sahani chini ya chombo, tairi, kopo. Yai lake hufikia kuwa mbu katika siku saba hadi kumi. Mwaga maji ya makopo kila baada ya siku tatu, sugua kuta zake, ujaze upya. Sahani chini ya ndoo ziondoe kabisa kama sakafu inaruhusu. Bustani isiyo na vidukari lakini inayowapa wapangaji wenzako homa haijafaa kitu.

Kiangazi adui hubadilika. Majani ya bilinganya, nyanya au mchicha yakianza kupauka kwa vidoa vidogo mno, yakawa kama yamepakwa vumbi, pengine na utando mwembamba chini, pigapiga jani juu ya karatasi nyeupe. Vivumbi vikitembea, huo ni utitiri mwekundu. Si mdudu hasa, ana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu humwongezea nguvu kwa kuwaua maadui zake. Anapenda joto, ukavu na vumbi. Mrushie maji yenye nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, siku tatu au nne mfululizo, na uzihamishe ndoo kutoka kwenye sakafu ya saruji inayochoma mchana.

Kwa vidukari, utitiri, inzi weupe na vidung'ata wachanga, sabuni ya maji ya kawaida inatosha: kijiko kimoja hadi viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Ijaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku nzima. Pulizia jioni, upande wa chini wa majani, kwa sababu sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, na ikikauka haina kazi. Asubuhi suuza. Sabuni ya unga ya kufulia ina makali mengi, huunguza majani.

Mwarobaini ni hatua ya juu zaidi. Nguvu yake kubwa iko kwenye mbegu kuliko majani. Chukua kokwa kavu zilizomenywa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zitwange, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike. Pulizia jioni, kwa kuwa jua huivunja haraka, na rudia baada ya wiki. Usitarajie kuwakuta wamekufa asubuhi. Mwarobaini humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ngozi, hivyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Wengi huiacha siku ya pili wakisema haifanyi kazi.

Nyanya kwenye ndoo zina taabu ya ziada tangu mdudu aitwaye kantangaze aingie nchini mwaka 2014. Jani lenye mabaka ya kahawia yanayopitisha mwanga, ndani yake kifunza, lichume ulichome siku hiyo hiyo. Kwa mwenye miche mitano kazi hiyo inawezekana. Mwenye ekari ndiye wa kuhurumiwa.

Na mmea unaonyauka mchana ingawa udongo una maji, ung'oe uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu, hiyo ni minyoo fundo. Udongo huo usiuhamishie ndoo nyingine. Ulowanishe, ufunge kwenye nailoni inayopitisha mwanga, tabaka jembamba, uuache kwenye jua kali wiki nne hadi sita. Hata udongo mweusi wa kununua kwa kiroba unastahili kuchekechwa na kuanikwa kabla ya kupandia, maana ndani yake nimewahi kukuta sota, mayai ya konokono, na mara moja koa mzima.

Sisi wapangaji huhama, na ndoo zetu huhama nasi. Kabla ya kuzipakia kwenye bajaji, siku mbili kabla, acha kumwagilia. Ilaze kila ndoo upande, sugua kitako kwa brashi, chokonoa matundu ya maji kwa kijiti, kwangua tabaka la juu la udongo kina cha vidole viwili na uliangalie kwenye mwanga. Kiroba cha zamani chenye mikunjo kiache, mboga uitie kwenye kipya. Ukifika, panga ndoo peke yake kwa wiki mbili, mbali na mimea ya wenyeji, na usiku wa mvua ya kwanza toka tena na tochi.